Chombo cha Vipande: The African Queen na Meli ya Ziwa Nyasa

Wahakiki wetu wakifika kwenye filamu huishia kwenye maudhui. Fani, hasa ile ya mafundi, hupitwa hivi hivi. Nadai hapa kuwa katika The African Queen (1951), namna chombo kilivyoundwa inatufunulia historia, nayo inatugusa sisi wa Kyela.

John Huston aliipiga filamu hiyo Kongo na Uganda, kisha sehemu nyingine studio, Uingereza. Boti yenyewe ilikuwa ya kweli, imeundwa Uingereza mwaka 1912. Lakini kamera ya rangi ya siku zile ilikuwa dude zima, ingekaa wapi? Mafundi wakaunda nakala ya boti juu ya jukwaa kubwa linaloelea, sehemu zake zikibanduka ili kuipisha kamera. Boila nalo lilikuwa la bandia, la shaba nzito. Halikufungwa, maana lilipaswa kuhamishwa pia. Siku moja nusura limwangukie Katharine Hepburn. Kwa maporomoko ya hatari walitumia kiboti cha mfano ndani ya tangi la maji.

Riwaya ya C. S. Forester (1935) iliyozaa filamu huhusishwa na Ziwa Tanganyika na meli Graf von Götzen, Liemba ya baadaye. Sawa. Ila Ziwa Nyasa nalo lilikuwa na meli ya kivita ya Wajerumani: Hermann von Wissmann, iliyoanza kazi mwaka 1893. Waingereza waliishambulia hapo Sphinxhafen, yaani Liuli, Agosti 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Sasa jamani, meli ile ilifikaje ziwani? Kwa vipande! Ilipitia Zambezi na Shire, na penye maporomoko ikabebwa na wapagazi. Basi ufundi ni uleule: huku boti inabanduliwa kamera ipite, kule meli imebanduliwa ili mabega ya watu yaiweze. Tofauti ni kwamba majina ya waigizaji tunayajua, ya wapagazi hatuyajui. Filamu nayo, kijiji kikishachomwa, Waafrika karibu wote wanatoweka. Boti inabaki ya Wazungu wawili.

Mwaka 2021 ilizinduliwa Kyela meli ya MV Mbeya II, imeundwa papo hapo na mafundi wa Kitanzania. Siku ikitengenezewa filamu, mhakiki aanze na walioiunda.