Saratani ya utumbo mpana: neno "nadra" lilivyotugharimu

Hebu turudi Mulago, Kampala, miaka ya 1950. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliiona saratani ya utumbo mpana mara chache sana kwa wagonjwa wake Waganda. Huko Uingereza ugonjwa huohuo ulikuwa wa kawaida wodini. Kwa nini?

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, lakini aliendelea kuwauliza madaktari wa hospitali za vijijini Afrika walikuwa wakiona magonjwa gani. Mwaka 1971 akachapisha hoja yake: chakula chenye nyuzinyuzi nyingi hupitisha kinyesi haraka, hivyo utumbo haukai muda mrefu na vitu vyenye madhara. Mpaka leo ulaji wa nyuzinyuzi unahusishwa na hatari ndogo ya saratani hii.

Ila daftari la wodi lina kasoro moja: linahesabu aliyefika, si kila aliyeugua. Aliyefia kijijini kwa kukosa nauli hakuandikwa. Halafu, jamii zetu zilikuwa na vijana wengi, na ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliovuka miaka 50. Kwa hiyo "nadra" ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote.

Shida ni kwamba neno hilo lilibaki vichwani hata mambo yalipobadilika. Kijana wa miaka 35 akiona damu chooni, anaambiwa ni bawasiri au amiba. Anapewa dawa, anarudi, anapewa nyingine. Miezi inakatika. Siku anayolazwa utumbo umeshaziba, anakimbizwa thieta usiku. Hospitali kubwa za Afrika Mashariki hupokea wagonjwa wengi walio chini ya miaka 50, na wengi hufika saratani ikiwa imeshasambaa.

Hapo ndipo bili inapopanda. Tangu mwaka 1969, William Wolff na Hiromi Shinya walipoanza kukata vinyama vya utumbo kwa kamera jijini New York, imewezekana kuzuia saratani bila kupasua tumbo, na mgonjwa akalala kwake siku hiyohiyo. Kinyama huchukua miaka mingi kugeuka saratani, yaani muda upo. Anayechelewa hulipia upasuaji wa dharura, siku nyingi za kitanda, mifuko ya kinyesi na miezi ya tibakemikali. Na kuna gharama ambazo risiti ya hospitali haizionyeshi: shamba lililouzwa, mchango wa ukoo, dada aliyefunga genge lake ili auguze.

Mwaka 2020 pekee, watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligundulika na saratani ya utumbo mpana na rektamu. Kwa hiyo ukiona damu, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, usikubali kuondoka na vidonge tu. Omba upimwe. Hata kidole cha daktari, bila mashine yoyote, kinaweza kugundua uvimbe ulio karibu na njia ya haja kubwa.