Mzee Punch wa Mlimani

Chuo cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba na kuhamia Mlimani miaka mitatu baadaye, kilikuwa na desturi ambayo wahitimu wake wa zamani huisimulia kwanza kwa kicheko, kisha kwa kigugumizi. Mzee Punch hakuwa mtu, bali kundi la wanafunzi wasiojitaja, waliobandika ukutani michoro na maneno ya kukashifu. Na ijapokuwa wapo wanaolitetea kwa hoja kwamba liliwasema hata wakubwa, aghalabu waliosemwa walikuwa mabinti. Aliyekataa kutongozwa aliamka akajikuta amechorwa, wapita njia wamemzunguka wakisoma. Tena adhabu haikuishia kwenye karatasi: hakuna wa kuketi naye mezani wala kumjulia hali, kwani aliyethubutu kumsemesha aliogopa kuchorwa yeye.

Hivyo dhalimu alisitiriwa na mdhulumiwa akafedheheshwa. Msichana wa pwani akiwa kwao anaye somo wake, wa kumwambia asiloweza kumwambia hata mama mzazi; bwenini alikuwa na nani? Shauri likipelekwa ofisini lilitaka mashahidi, na shahidi gani angejitokeza ilhali salamu tu ilikuwa hatia?

Mwezi Februari 1990 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyeandamwa kwa miezi kadhaa, alijitoa uhai. Hapo ndipo ghadhabu ilipopanda, Punch akapigwa marufuku, na TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoasisiwa mwaka 1987, kikalishika jambo hilo kwa kalamu. Na mwanzoni mwa miaka ya tisini kikafungua kituo cha ushauri nasaha na msaada wa sheria, ambamo mwanamke aliweza kusikilizwa faraghani kabla ya kuamua kama atashitaki ama la. Nayaona haya kuwa makubwa kuliko marufuku yenyewe.

Sheria ya makosa ya kujamiiana ilikuja mwaka 1998. Na chuo kikatoa sera yake dhidi ya udhalilishaji wa kijinsia mwaka 2006, miaka kumi na sita baada ya msiba. Hata hivyo mwanafunzi amwendeaye mshauri wa chuo, kabla hajafumbua kinywa, huuliza iwapo maneno yake yatatoka nje ya chumba kile. Na mshauri anayelipwa mshahara na chuo kilekile kinachomwajiri mwalimu anayelalamikiwa hana jibu jepesi.