Mtambo Mdogo wa Eropleni na Mambo Uliyoyafanya

Wasikilizaji wetu, watu wengi wakisikia habari za eropleni za vita hufikiri juu ya mitambo mikubwa mno. Leo twapenda kueleza habari za mtambo mdogo, uliopata sifa katika kufundisha marubani, na jinsi ulivyoingia vitani.

Mwaka 1938 Joseph Szydlowski, mzaliwa wa Poland, alianzisha huko Ufaransa kampuni iitwayo Turbomeca. Majeshi ya Ujerumani yalipoingia nchi ile mwaka 1940, kampuni ilihamia kusini, chini ya milima ya Pyrenees, na baadaye ikakaa katika kijiji cha Bordes. Ndiyo sababu mitambo yake ilipewa majina ya mahali pa milimani: Palas, Aspin, Marboré.

Na tueleze kwanza kazi ya mtambo wa namna hii. Hauna rafadha. Mbele mna gurudumu lenye mapezi, livutalo hewa na kuishindilia. Hewa hiyo huingia katika chumba cha moto, ambamo mafuta hunyunyizwa na kuwaka pasipo kukoma. Moshi hutoka kwa nguvu, na njiani hugeuza gurudumu la pili, lililofungwa katika mhimili mmoja na lile la kwanza. Hivyo hilo huzungusha hili. Kisha moshi hufoka nyuma, na eropleni husukumwa mbele. Mhimili wa Marboré huzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, na nguvu yake ya kusukuma ni yapata kilo 400 tu. Mtambo wa Waingereza wa miaka ile, ulioitwa Nene, ulisukuma kwa kilo zaidi ya 2,000.

Mtambo mdogo hula mafuta machache, nao wafaa kwa wanafunzi. Basi tarehe 23 Julai 1952 iliruka mara ya kwanza eropleni ya Fouga Magister, yenye Marboré mbili, viti viwili, mmoja nyuma ya mwingine, na mkia mfano wa herufi V. Marubani wengi wa Ufaransa na wa nchi nyingine walijifunzia humo.

Wamarekani nao walipata ruhusa ya kuuunda mtambo huo kwao, wakauita J69. Waliutia katika eropleni ya wanafunzi T-37, na katika Firebee, ndege isiyo na rubani. Kazi ya Firebee ilikuwa kuwa shabaha ya wapiga mizinga, na ikisalimika hushuka kwa parashuti. Lakini tangu 1964 hata 1975 ndege za jamaa yake zilitumwa Vietnam kupiga picha za adui, safari zaidi ya 3,000. Ilipotunguliwa, hakufa rubani.

Magister nayo ilifika karibu yetu. Mwaka 1961 Katanga, nchi ya wasemaji wengi wa Kiswahili, ilikuwa imejitenga na Kongo, nayo ilinunua eropleni chache za namna hiyo. Mwezi wa Septemba kikosi cha askari wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, kilizingirwa Jadotville, mji uitwao sasa Likasi. Magister moja iliwashambulia kwa mabomu na risasi, wala Umoja wa Mataifa haukuwa na eropleni ya kivita ya kuizuia. Maji na risasi zilipowaishia, tarehe 17 wakajisalimisha. Mdharau mwiba mguu huota tende: baada ya hayo Sweden, Ethiopia na India zilileta eropleni zao za kivita.

Tusishangae kwamba chombo cha mafunzo kiliweza kufanya hivyo. Rubani hawezi kujifunza kulenga pasipo bunduki, na bunduki ya kujifunzia huua sawasawa na nyingine. Mtambo hausukumi kwa wema wala kwa ubaya, husukuma tu. Aulizwe yule aushikaye usukani, na yule amtumaye.