Sikio Lililojifunza Kusoma

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, walisema wazee wetu; na katika usemi huo mna habari ya kale kuhusu sikio la binadamu, kwamba laweza kupokea ujumbe pasipo neno hata moja kutamkwa. Twaikumbuka habari hiyo kila tuulizwapo na vijana namna ya kujifunza ishara za Morse, yaani zile nukta na vistari ambavyo watu wa redio ya ridhaa wangali wakipelekeana hewani kwa mitambo yao midogo ya nyumbani.

Samuel Morse, Mmarekani, hakukusudia kwamba ishara zake zisikilizwe. Simu aliyoizindua tarehe 24 Mei 1844, baina ya Washington na Baltimore, ilitia alama katika utepe wa karatasi ili karani azisome kwa macho. Lakini makarani waligundua kwamba mlio wa mtambo peke yake wawatosha. Wakauacha utepe ujipitie, wao wakaandika waliyoyasikia, hata mwishowe utepe ukaonekana hauna kazi. Hivyo ufundi huu ulihama machoni ukaingia masikioni, na waliouhamisha hawakuwa mabingwa wenye majina, bali makarani wa zamu.

Kwetu simu ilifika mwaka 1879, waya wa chini ya bahari ulipotoka Aden ukapita Unguja kwenda Msumbiji na Durban. Neno lenyewe, simu, tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao lina maana ya waya. Watu wa pwani walikuwa wakisema "kupiga simu" zamani za nukta na vistari, kabla simu ya mdomo haijaenea.

Anayejifunza leo hurudia kosa ambalo makarani wale walikwisha kulitoka. Sisi pia tulilitenda: tulibandika orodha ya herufi ukutani, tukahesabu nukta kwa vidole. Kwa mwendo wa pole tulifaulu. Mwendo ulipoongezwa kidogo, tulizama. Mjerumani Ludwig Koch, katika miaka ya 1930, alionyesha njia nyingine. Mwanafunzi aanze na herufi mbili tu, lakini azisikie kwa mwendo kamili, kila moja kama sauti nzima isiyogawanyika. Akizizoea, aongezewe ya tatu. Katika karatasi A na N ni kitu kimoja kilichogeuzwa, na macho huzichanganya. Katika sikio, ti-taa na taa-ti hazifanani hata kidogo.

Mshairi hashangazwi na jambo hili. Hakuna mwimbaji ahesabuye mizani huku akiimba. Mshororo ukipungukiwa, sikio hushtuka lenyewe.

Zamani kanuni za kimataifa zilimlazimu mtu wa redio ya ridhaa afaulu mtihani wa Morse ndipo aruhusiwe kupeleka habari katika mawimbi mafupi. Mwaka 2003 mkutano wa Geneva uliliacha jambo hilo kwa kila nchi, na nchi nyingi zimeufuta mtihani. Wajifunzao sasa hujifunza kwa kupenda, na kwa sababu mlio mwembamba wa Morse husikika hata pale maneno ya mdomo yanapomezwa na kelele za hewani.

Liko jambo moja ambalo Mswahili atalitambua akianza mazoezi. Morse na msaidizi wake Alfred Vail waliipa E nukta moja tu, kwa kuwa ndiyo herufi itumikayo mno katika Kiingereza. Kwetu itumikayo mno ni A. Nukta ikihesabiwa pigo moja, kistari ni mapigo matatu, na kimya kati ya herufi ni matatu vilevile; basi E huchukua pigo 1, na A, pamoja na kimya chake cha ndani, mapigo 5. "Tete" na "mama" yana herufi nne nne na mizani miwili miwili, lakini la kwanza hupita kwa mapigo 17, na la pili kwa 33.