Bei Ubaoni, Fundi Nyuma ya Ukuta: Imani ya Mteja katika Gereji za Mawakala wa Magari

Mwenye gari akilipeleka sevisi kwa wakala rasmi, anayempokea ni mshauri wa huduma, fundi hamwoni. Mshauri hufungua kadi ya kazi, huandika namba ya usajili, kilomita zilizotembewa na malalamiko ya mteja, kisha huchukua ufunguo. Gari huingia mlango ambao mteja haruhusiwi kuuvuka. Baada ya muda mshauri hurudi na habari: oili imemwagwa, filta imebadilishwa, ila pedi za breki za mbele zimekwisha na bushi zimelegea. Mteja akubali au akatae, anaamua juu ya vitu ambavyo hakuviona.

Nadai katika makala haya kwamba jitihada nyingi za mawakala za kujenga imani zimeelekezwa pasipouma sana. Ubao wa bei ukutani, vifurushi vya sevisi vyenye bei moja, ankara iliyochapwa vizuri: vyote vinafaa, na vyote hujibu swali la kazi hii ni shilingi ngapi. Mteja ana swali jingine zito zaidi. Je, kazi hii ilihitajika?

Mwaka 1970 George Akerlof alieleza jinsi soko la magari yaliyotumika linavyoharibika pale muuzaji anapojua kasoro asizozijua mnunuzi. Lakini aliyeuziwa gari bovu hatimaye hulijua. Matengenezo ni shida ya aina nyingine, na Michael Darby na Edi Karni waliichambua mwaka 1973: zipo huduma ambazo mteja hawezi kuupima ubora wake hata baada ya kuzitumia, kwa sababu anayetambua tatizo ndiye huyohuyo anayeuza dawa yake. Pedi iliyobadilishwa kabla ya wakati hushika breki sawasawa na iliyobadilishwa kwa haki. Gari linatembea, mteja anashukuru, na hasara aliyoipata haiachi alama yoyote.

Hata hivyo bei iliyo wazi isibezwe. Meghan Busse, Ayelet Israeli na Florian Zettelmeyer walichunguza gereji za Marekani kwa simu, wanaume na wanawake wakiulizia bei ya kubadilisha rejeta ya Toyota Camry ya mwaka 2003. Wanawake walioonekana hawaijui bei ya soko walitajiwa bei ya juu kuliko wanaume wa hali hiyohiyo. Walipotaja bei wanayoitarajia, tofauti ilitoweka. Hapo ubao wa bei unatenda haki. Ila wapiga simu hao walikwisha kusema wanachotaka kubadilisha. Mtu aliyeleta gari kwa kuwa linagonga upande wa kushoto hana bei ya kuitaja, maana hajui hata kinachouma.

Mfano wa Sears ndio unaonifunza zaidi, ingawa kampuni hiyo ilikuwa na maduka makubwa yenye gereji na haikuwa wakala wa magari. Mwaka 1992 serikali ya jimbo la California iliishtaki kwa kuwauzia wateja kazi zisizohitajika. Wachunguzi waliojifanya wateja walipeleka magari mara 38. Mara 34 waliuziwa kazi ambazo gari halikuzihitaji. Upofu wa bei haukuwa chanzo, kwa sababu kazi za breki zilitangazwa kwa bei inayojulikana. Chanzo kilikuwa malipo: washauri walipata kamisheni kwa mauzo na waliwekewa malengo ya kazi na vipuri vya kuuza. Mwenyekiti wake, Edward Brennan, alikiri kwamba mpango huo ulizaa mazingira ya makosa, na kamisheni za washauri zikafutwa.

Mfumo wa namna hiyo bado upo kwa mawakala wengi wa huko. Fundi naye mara nyingi hulipwa kwa saa za kitabu: kitabu kikisema kazi ni saa moja na nusu, atalipwa hiyo hata akitumia dakika arobaini au saa tatu. Mteja hunufaika kwa kuijua gharama mapema. Lakini kutafuta chanzo cha tatizo kwa subira hakulipi vizuri kama kubadilisha kipuri, na fundi ana familia ya kulisha.

Huku kwetu mlinganisho na gereji za mtaani hauepukiki. Kwenye gereji za Grogan jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, mwenye gari anaweza kukaa pembeni ya fundi, kwenda naye dukani kununua spea, kuiona ikifungwa, na kuondoka na ile mbovu mkononi. Sisemi fundi huyo ni mwaminifu zaidi. Cha juu anachokipata kwa mwenye duka hufanya kazi ileile ya kamisheni ya mshauri, na spea feki zimejaa. Lakini mteja ana macho. Wakala amemnyang'anya macho hayo, akampa kiti kizuri na kahawa. Ni deni analopaswa kulilipa kwa ushahidi.

Ushahidi huo hauhitaji mitambo mikubwa. Pedi mpya ya gari dogo huwa na unene wa milimita 10 hivi, na mafundi wengi huibadilisha ikibaki milimita 3. Kipimo kiandikwe kwenye kadi kila sevisi, karibu na kipimo cha safari iliyopita. Kadi ikisema 7 mwezi Januari na 3 mwezi Machi, mteja asiyejua chochote kuhusu breki ana la kuuliza, na fundi mwadilifu ana la kujitetea nalo. Picha ya bushi kwenye simu, kipuri cha zamani kurudishwa bila kuombwa, na ada ya uchunguzi inayolipwa hata kama hakuna kinachobadilishwa, vinaelekea hukohuko.

Sheria zimefika nusu ya njia. Ile ya Ontario ya mwaka 2002 inakataza ankara kuzidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10, na Sheria ya Kenya ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 nayo ina sehemu ya matengenezo ya magari. Hizi hulinda bei na ridhaa. Jinsi mshauri anavyolipwa hubaki siri kati yake na mwajiri. Wakala anayetaka kuaminiwa anaweza kuanzia hapo bila kusubiri bunge: ampe mshauri mshahara usiopanda kwa idadi ya pedi zilizouzwa, na aandike hivyo juu ya kadi ya kazi, mahali mteja anapoweka saini. Mapato ya miezi ya mwanzo huenda yakashuka, na kiasi yatakachoshuka kitamwonyesha ni kazi ngapi alizokuwa akiuza bila sababu.