Kanisa la Røros na Shaba Iliyolijenga

Shaba ilianza kuchimbwa Røros mwaka 1644, kwenye nyanda za juu za Norway ya kati, ambako baridi huua mazao kabla hayajakomaa. Mwaka 1646 mfalme aliipa kampuni ya mgodi haki juu ya madini na misitu ndani ya eneo la kilomita 45 hivi kila upande. Wakulima waliokuwamo wakalazimika kuitumikia: kukata kuni, kuchoma makaa, kusomba mawe ya shaba. Kufikia mwaka 1650 mji ulikuwa na kanisa lake la kwanza, la mbao.

Majeshi ya Sweden yaliuchoma mji mwaka 1678, yakarudi kuuchoma tena mwaka uliofuata. Watu wakajenga upya. Shaba ikaendelea kutoka, na katika karne ya 18 kampuni ikataka kanisa linalolingana na utajiri wake. Ujenzi ulianza mwaka 1779 na kumalizika 1784. Nyumba za wachimbaji zilikuwa za magogo. Kanisa likasimama juu yazo kwa mawe, limepakwa chokaa nyeupe, lina nafasi ya watu 1,600. Liligharimu riksdaler 23,000, fedha ya wakati huo, wakati mchimbaji alipata kama 50 kwa mwaka. Hilo ni jasho la mwaka mzima la watu 460.

Kwenye mnara kampuni iliweka nembo yake: nyundo zilizopishana na ishara ya kale ya shaba, duara lenye msalaba chini yake. Ndani, mimbari iko juu ya madhabahu, mfalme ana roshani yake, na waumini walikaa kwa vyeo. Aliyetaka kujua nani ni nani Røros alitazama viti vya Jumapili.

Mwandishi Johan Falkberget, aliyezaliwa mwaka 1879 na kuingia mgodini akiwa bado mtoto, alikuja kuwapa wachimbaji sauti. Riwaya yake ya mwaka 1923, *Den fjerde nattevakt*, inamhusu mchungaji wa Røros.

Mwaka 1977, baada ya miaka 333, kampuni ilifilisika. Miji mingi ya migodi hufa na mgodi wake; Røros haukufa. Mwaka 1980 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia, pamoja na vilima vyake vya mavi ya shaba. Kanisa lilikarabatiwa, likafunguliwa tena mwaka 2010. Leo watu husali humo, na muziki hupigwa.

Picha zilizotundikwa ukutani ni za wakuu wa mgodi na wachungaji. Lakini riksdaler zile zilitoka mikononi mwa wachimbaji, wachoma makaa na wakulima. Kampuni imekwisha, wajukuu wao wangali wanalitunza kanisa. Historia yake ikisimuliwa, hao ndio wa kutajwa kwanza.