Kikosi cha 130 cha Wabulushi: Kutoka Rangoon hadi Salaita

Jina la Wabulushi halikuwa geni katika upwa wa Afrika Mashariki Vita Kuu vya Kwanza vilipozuka. Tangu karne ya 19 Wabulushi waliowatumikia masultani wa Oman walilinda ngome za Mombasa na Unguja, na wazao wao wangali wakikaa pwani. Lakini kikosi kilichowasili mwaka 1915 kwa jina hilo kilikuwa cha watu wengine. Wengi wao walikuwa Wapathani na Waislamu wa Punjab. Ububulushi ulikuwa umebaki katika jina tu.

Kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1858 na John Jacob, mjini Jacobabad katika Sind. Tarehe 27 Julai 1880, katika mapigano ya Maiwand nchini Afghanistan, kilipoteza askari zaidi ya 200. Mwaka 1903, jeshi la India lilipopangwa upya, kikapewa nambari 130.

Novemba 1914 Uturuki iliingia vitani upande wa Ujerumani, na Sultani wake, aliyekuwa pia Khalifa, akatangaza jihadi. Askari Mwislamu wa India akajikuta baina ya viapo viwili: alikuwa amekula chumvi ya Mwingereza, na dini ilimkataza kumwua Mwislamu mwenziwe bila haki. Januari 1915, kikosi kilipokuwa Rangoon, Burma, askari wengi walikataa kwenda vitani kwa kuhofu kwamba wangepelekwa kupigana na Waturuki. Wapatao 200 walishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Waliosalia wakaletwa Afrika Mashariki, ambako adui hakuwa Mturuki.

Huku Waingereza walikuwa wameshashindwa Tanga mnamo Novemba 1914, na Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti mwaka huo. Kilima cha Salaita kiliifunga njia ya kwenda Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 kilishambuliwa, na mbele walitangulizwa askari wazungu kutoka Afrika Kusini, wageni wa nchi, waliowadharau askari weusi wa Wajerumani. Mizinga ilikipiga kilele, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini ya kilima. Askari wa Kiafrika walipotoka na singe zao, safu ya Waafrika Kusini ilivunjika. Wabulushi ndio waliosimama imara wakalizuia shambulio lile, na hivyo kuwasitiri waliokuwa wakirudi nyuma.

Inasimuliwa kwamba waliwarudishia Waafrika Kusini bunduki ya rashasha waliyoitupa, pamoja na barua fupi ya kuwaomba wasiwaite tena makuli. Ombi hilo lina uzito wake. Katika Kiswahili kuli ni mchukuzi wa mizigo bandarini, na jina hilo hutaja kazi. Katika Afrika Kusini ya wakati ule lilikuwa tusi la kutupiwa Mhindi yeyote, awe mfanya biashara, wakili au askari. Barua haikudai cheo wala ardhi, ila jina la heshima tu.

Mwezi uliofuata kikosi kilipigana katika mlango wa Latema na Reata, ukawa mwanzo wa kuingia katika himaya ya Wajerumani. Hata hivyo, damu iliyomwagwa haikuwanunulia Wahindi usawa. Waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923 uliendelea kuwafungia Wahindi wa Kenya milango ya ardhi ya nyanda za juu, ikabaki ya wazungu. Kikosi chenyewe kilikuwa kimeshabadilishwa jina mwaka 1922, na mwaka 1947 kikaangukia Pakistan.

Ni kosa, basi, kuwagawa watu hawa katika waasi wa Rangoon na mashujaa wa Salaita. Ni kikosi kimoja, na katika mwaka mmoja na mwezi kiliikataa amri kwa ajili ya dini, kisha kikasimama imara pale waliokidharau walipokimbia. Katika nyakati zote mbili askari wake walidai jambo lile lile: kutambuliwa kuwa watu wenye dhamiri na heshima zao, wala si nguvu ya kukodiwa.